Bibi Alinipiga Chanuo kwa Neno Moja

Nilikuwa na miaka saba. Tumekaa na bibi barazani kwake, Ngamiani, Tanga, tunamenya mahindi mabichi. Hindi ukilivua maganda unakutana na zile nyuzi laini za rangi ya asali zinazong'ang'ania vidole. Nikasema, kwa nia njema kabisa: "Bibi, mahindi ya leo yana mavuzi mengi."

Chanuo lilikuwa mapajani mwake. Lilitua kwenye vidole vyangu kabla sijanyanyua macho. Na chanuo si kitana. Kitana ni kidude chembamba cha plastiki, kikikupiga unajikuna tu yakaisha. Chanuo la bibi lilikuwa la mpingo, meno marefu, na uzito wake naukumbuka hadi leo.

"Nani kakufunza?"

Mimi hata sikujua nimefunzwa nini. Neno nililiokota uwanjani, kwa wavulana waliokuwa wakitukanana kwa sababu ya mpira, na kwa akili yangu ya miaka saba nikaelewa kuwa ni jina jingine la nywele. Kusema kweli sikukosea sana. Limo kwenye kamusi, vuzi kwa umoja, na maana yake ni nywele, ila za mahali ambapo mtoto hana haja ya kupataja mbele ya bibi yake.

"Hizo ni ndevu," bibi akasema, akilirudisha chanuo mapajani. "Ndevu za mahindi. Na hilo lako nisilisikie humu ndani mpaka naingia kaburini."

Hakueleza zaidi. Jioni nikamuuliza mama, mama akaniambia nikaoge.

Bibi alikuwa somo. Yeye ndiye aliyewafunda wari na kuwaandaa mabibi harusi mtaani kwetu, na mikono yake ilishinda kwenye vichwa vya watu. Alasiri alitandika mkeka, akanibana kichwa katikati ya magoti, akamimina mafuta ya nazi kiganjani. Majina nimeyapata pale mkekani, siyo shuleni. Za kichwani zilikuwa nywele. Moja ikianguka kwenye chakula ilikuwa unywele, na unywele mmoja tu ulitosha kuwanyanyua watu kwenye sinia la wali. Za juu ya macho ni nyusi, na nyusi hazinyolewi wala hazikatwi, zinatindwa. Zinazopepesa ni kope. Babu alikuwa na ndevu kidevuni (yasikilize yenyewe, ndevu na kidevu, utadhani moja limeota juu ya jingine), alikuwa na sharubu juu ya mdomo, na zile zinazoshuka kutoka sikioni kwenda kuungana na ndevu bibi aliziita sharafa. Nyeupe, ziwe kichwani au kidevuni, ni mvi. Vile vitundu vya ngozi vinavyotoa jasho ni vinyweleo, na humo nywele imo ndani ya jina hata kama kwa macho huioni.

Kisha yakaja malaika, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

"Tazama, malaika yamekusimama, unasikia baridi," bibi aliniambia jioni moja ya Julai, akinipapasa mkono. Nikautazama. Kulikuwa na vijinywele laini ambavyo huvioni mpaka jua likupige ubavuni. Sasa madrasa tulikuwa tumefundishwa kwamba kila mtu ana malaika wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, wanaandika mema na mabaya yake. Nikaanza kuhesabu mkono wangu wa kushoto. Nilifika arobaini na kitu nikaingiwa na hofu: kumbe waandishi wangu wa mabaya wako wengi kiasi hiki?

Nilibeba hofu ile muda mrefu kuliko nitakavyokiri hapa. Iliyonitoa ni sarufi, ingawa wakati ule sikujua kwamba inaitwa hivyo. Ustadhi alisema malaika wanaandika. Bibi alisema malaika yamesimama. Wa- na ya-. La mbinguni lilitujia pamoja na Kiarabu, likaingia kwenye ngeli ya watu. La mkononi umoja wake ni laika, linakwenda na li- na ya- kama jani na majani. Mpaka leo nikiwa na mwanafunzi anayelalamika kwamba ngeli ni mateso ya bure, humwambia habari ya mkono wangu wa kushoto.

Mwaka uliofuata nilianza darasa la kwanza, na shule ilitaka vichwa vilivyonyolewa. Tulipelekwa uani siku moja kabla, mimi na binamu yangu. Yeye akakaa kwanza kwenye kigoda, babu akashika wembe. Bibi akaniwekea bakuli la maji mbele yangu akasema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Nikatia. Nililowanisha kichwa kizima mpaka gauni likarowa. Miaka mingi baadaye nilisikia mwanasiasa akiisema sentensi ileile redioni, kwa mkazo, nikashangaa amejuaje mambo ya kwetu uani. Nilikuwa nimeichukua kama maelekezo tu, na kama maelekezo ni ya kweli kabisa: nywele kavu chini ya wembe zinauma. Ndiyo maana leo timu ikifungwa mabao matano watu wanasema imenyolewa bila maji.

Tulipokwisha, bibi alizikusanya zile nywele zote kutoka ardhini, za kwangu na za binamu, akazibana kiganjani. Zilitosha. Vichwa viwili, na kiganja kimoja hakikujaa.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Shamba langu kubwa, mavuno hayajai kiganja."

Jibu lilikuwa mkononi mwake. Siku hizi najua kwamba kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000 hivi, na kwamba kwa siku zinaanguka kati ya 50 na 100 bila mwenyewe kujua, na bado kila nikisoma takwimu hizo nakiona kile kiganja. Bibi alizifunga kwenye kipande cha gazeti akazizika nyuma ya choo. Nywele za mtu hazitupwi ovyo, alisema, ndege atazijengea kiota au mtu mbaya ataziokota. Kesho yake njiani wavulana wakatupokea kwa "Kipara ngoto!" na makonzi.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu mmoja aliandika ubaoni visawe. Kisawe cha nywele, alisema, ni manyoya, singa, malaika. Tunukuu. Tukanukuu. Kisha akatupa insha ya "Bibi yangu", na mimi, nikitaka kuonyesha kwamba nimeelewa, nikaandika: "Bibi yangu ni mzee mwenye hekima na ana manyoya meupe kichwani." Nilipata alama nzuri. Nikakimbia nyumbani kumsomea.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika kiuno.

"Manyoya."

"Ndiyo bibi. Ni kisawe."

"Mimi kuku?"

Sikuwa na jibu. Kuku ana manyoya, paka ana manyoya, kondoo ana manyoya. Hakuna bibi wa mtu mwenye manyoya. Mwalimu hakuwa mjinga, nadhani alitaka tu kujaza ubao kabla ya kengele. Lakini alitufundisha visawe kama watu wanaoweza kubadilishana viti, na nywele haziko hivyo. Sijapata hata neno moja ambalo unaweza kulichomeka mahali pa "nywele" bila kumhamisha mtu, au kumgeuza mnyama, au kumtukana. Ukitaka kujua ukaribu wa maneno mawili, muulize anayetajwa.

Mwaka 2002 nilikwenda Dar es Salaam kwa shangazi, na kwa kuwa kitu pekee nilichokijua vizuri kilikuwa kichwa cha mtu, nikapata kazi saluni. Ilikuwa kontena, Mwananyamala, lina draya mbili, moja nzima. Pale nilikuta Kiswahili kingine cha nywele, ambacho bibi hakuwa nacho. Walisuka rasta, walisuka mabutu, walisuka kilimanjaro inayochongoka juu ya utosi. Walisuka yeboyebo, jina ambalo lilikuwa pia la viatu vya plastiki. Na walisuka twende kilioni. Hilo nalipenda kuliko yote. Ni mistari ya kawaida inayolala kurudi nyuma, haina urembo, inakwisha upesi: mtindo wa mwanamke aliyepata taarifa ya msiba asubuhi na basi linaondoka mchana. Nimewasuka wengi wa namna hiyo. Wanakaa kimya, simu mkononi, na msusi mwenye akili hapigi soga.

Nywele zilizofagiliwa pale zilikwenda kwenye ndoo ya taka. Wiki ya kwanza nilishindwa kulala, nikiwafikiria ndege wote wa Mwananyamala.

Kwa malaika nilikutana tena humohumo kontenani, kwa njia ya kuchekesha. Mwenzangu mmoja alitoka Shinyanga, msichana mlokole, mcha Mungu sana. Siku moja mteja kutoka Unguja akasimulia harusi ya mdogo wake: bibi harusi ameshapakwa hina, ameshasingwa liwa, sasa leo jioni anatolewa malaika. Mwenzangu akasimamisha chanuo hewani. "Anatolewa nini?" Mteja akarudia, bila wasiwasi, na akaongeza kwamba wanatumia sukari iliyopikwa na ndimu, unaibandika mkononi na kuivuta kwa nguvu. Yule binti alitoka nje. Ilibidi nimfuate nimweleze kwamba hakuna anayewafukuza malaika wa Mungu kwa sukari, ni nywele za mikono tu. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayesikiliza kisingizio.

Lakini kosa kubwa la pale nililifanya mimi.

Alikuja mama mmoja mwenye nywele nyingi, fupi, zilizojikunja vizuri, nusu ya kichwa nimeshaifumua. Nikamgeukia mwenzangu nikasema kwa sauti ya kawaida: "Hebu nipe chanuo kubwa, hizi kipilipili." Kwa bibi yangu hilo lilikuwa jina tu, kama kusema mchele au mtama. Kipilipili ni nywele zinazojikunja zikakaa vipunje vipunje kama pilipili manga. Basi.

Yule mama alisimama na kichwa nusu.

"Kipilipili mamako."

Akafunga kanga kichwani, akaondoka. Hakulipa, na sikumdai. Mwenye saluni, dada mmoja ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, aliniita pembeni. "Sikiliza. Humu ndani nywele ni za namna mbili: laini na nzito. Ngumu hatuna, kipilipili hatuna. Umesikia?" Nilisikia. Siku nzima nilikuwa nikijiuliza neno lile limeoza lini. Nilifikiri baadaye kwamba halikuoza lenyewe. Lilikuwa limewekwa mizani moja na singa, yaani nywele laini zilizonyooka, na kila mtu alijua upande gani unapanda. Nyimbo, matangazo, picha za kwenye makopo ya mafuta, mabinti wanaosifiwa kwa nywele za singa zinazofika mgongoni. Ukilitaja kipilipili, mtu anasikia kile ambacho hukukisema.

Na biashara yetu ilisimama juu ya jambo hilohilo. Dawa ya kulainisha tuliyowapaka wateja, zile kali, ndani yake mna sodiamu hidroksidi, yaani kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni. Unampaka mteja mafuta ya mgando pembezoni mwa uso na masikioni kwanza, unavaa glavu, unatazama saa. Ukichelewa dakika chache ngozi inaungua. Nimewaona wanawake wakilia machozi kimya na kusema "bado, bado, iache ishike." Mimi mwenyewe nina kovu nyuma ya sikio la kulia.

Nilipompigia bibi simu kumsimulia yule mama wa kanga, alinyamaza kidogo.

"Na nyinyi huko mnataka singa?"

"Wateja wanataka, bibi."

"Singa ni za mkia. Hujamwona mganga na usinga wake? Za mkia wa ng'ombe zile, anapungia nzi. Mtu kutwa analia apate mkia wa ng'ombe kichwani."

Ni kweli, ukifungua kamusi utaukuta usinga umelala hapohapo, mkia wa kupungia. Nilicheka mpaka salio likakatika. Lakini sikuthubutu kuwaambia wateja.

Miaka ilipita, na mambo yakageuka yenyewe bila msaada wa kamusi. Kadiri tulivyokaribia 2010 walianza kuja mabinti, wengi wa vyuoni, wakikaa kitini na kusema, "Dada, usiniwekee dawa. Nataka kipilipili changu." Changu! Kwa kujivuna kabisa. Mara ya kwanza nilitazama mlangoni kuona kama mwenye saluni amesikia. Alikuwa amesikia. Akajifanya anahesabu rola.

Nisimsahau mzee mmoja aliyeingia kwa kinyozi wa jirani, kijana wa mashine tatu na kioo kikubwa chenye picha za wachezaji. Mzee akaomba akatwe panja. Kijana akamtajia mitindo yake yote, kiduku mpaka afro, panja hana. Nikapaza sauti kutoka kontenani: "Mkwangue pembeni hapo, juu ya masikio, kwenye paji!" Mzee akageuka akaniuliza, "Mwanangu, wewe wa Tanga?" Akanipa mia tano.

Sasa nifike Harare, maana ndiko ninakokwenda tangu mwanzo.

Mwaka 2013 saluni ilikuwa imedorora, na mama mmoja wa Mbeya, mfanyabiashara, akanishawishi tukauze vitenge na batiki Zimbabwe. Huko walikuwa wanatumia dola za Marekani tangu 2009, na kwetu dola ilikuwa dola. Tukapanda basi Ubungo, Tunduma, tukavuka Nakonde, Lusaka, tukavuka Zambezi pale Chirundu, siku za njiani sitazihesabu. Tulifikia Mbare, kwenye soko kubwa ambalo kila kitu kinauzwa na kila mtu anauza. Vitenge vyetu vilitoka polepole mno. Siku ya nne nikasema nitafute kiti cha kusuka, nisile mtaji.

Kibanda cha kwanza nilichokiona kilikuwa na ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, TINORUKA BVUDZI.

Nilisimama. Nikausoma tena. Mama wa Mbeya akausoma kwa sauti, akashika mdomo, akanishika na mimi. Ulimi wa Kiswahili hauwezi kupita pale salama. Ukiitamka ile bv ya kwao, unapata kitu ambacho bibi yangu alikikataza hadi kaburini, na kimetanguliwa na "kuruka". Watoto wa shule waliovaa sare walikuwa wanapita chini ya ubao wanakula karanga.

Mwenye kibanda, mwanamke wa umri wa mama yangu, watu wakimwita Amai, akanitazama kichwani. Nilikuwa nimesuka twende kilioni, ya safari. Akatabasamu akasema, "Bvudzi rako rakanaka."

Nilielewa "rako" na nikahisi kuelewa "rakanaka". Damu ikanipanda usoni. Mwanamke mtu mzima, mchana, sokoni, ananisifia hicho?

Akaona sijajibu. Akanyoosha mkono akaigusa mistari yangu ya nywele, akarudia lile neno, taratibu, kama unavyomfundisha mtoto. Bvudzi. Za kichwani. Na kuruka kwa Kishona ni kusuka. Ubao ulikuwa unasema: tunasuka nywele. Ulikuwa ubao wa kistaarabu kuliko wetu wa Mwananyamala, ambao ulikuwa na picha ya mzungu.

Alinipa kiti. Kwa siku tatu nilifanya kazi pale bila kulitamka. Nilikuwa namwonyesha mteja kichwa kwa kidole, nasema kwa Kiingereza cha kuungaunga, au nanyamaza. Wenyewe wakadhani nina haya ya ugeni. Siku ya pili akaja mteja wa Bulawayo, Mndebele, akakaa na kusema habari za "inwele" zake, nikataka kumkumbatia. Inwele! Ni ndugu kabisa. Nchi moja, na kutoka Bulawayo mpaka Harare ni safari ya mchana mmoja, Bulawayo wanasema langu la mkekani, Harare wanasema langu la kupigiwa chanuo.

Siku ya nne nikamweleza Amai. Nilitafuta maneno ya kuzunguka, nikashindwa, nikaonyesha kwa mkono kwamba kwetu neno lile linakaa chini zaidi. Aliponielewa alipiga kelele, akawaita wanawake wa vibanda vinne, akanitaka nirudie maelezo. Kuanzia kesho yake kila aliyepita asubuhi alinisalimia kwa neno hilo.

Jioni, wateja wakiisha, tulilinganisha. Nikamwonyesha kidevu, akasema ndebvu. Mimi nikasema ndevu. Nikamwonyesha mzee anayepita na kichwa cheupe, akasema imvi. Mvi, nikasema. Alikuwepo dereva mmoja wa lori kutoka upande wa Wavenda, kule kaskazini mwa Afrika Kusini, akasema kwao nywele ni mavhudzi, kwa ma- kabisa, na mimi nikaziba uso kwa kanga. Baadaye nikasikia kwamba hata Wanyarwanda wanasema imvi. Inaonekana kwa nyeupe tulikubaliana mapema, hakuna aliyetaka kugombana na wazee.

Nililala nikiwaza bibi. Neno lile halikuzaliwa na uchafu. Ni lilelile, limekaa kwa Washona kama linavyokaa shati kwenye kamba, kila mtu analiona. Sisi tulikuwa na nywele na vuzi ndani ya nyumba moja, tukalipandisha moja juu, tukalishusha jingine chini, kisha tukaona haya kwa kazi tuliyolitwika wenyewe. Nililionea huruma kidogo. Si sana. Bado sikuweza kulitamka mbele ya mama wa Mbeya.

Nilirudi na dola mia na tisini na hamu ya kusimulia. Tanga nilifika mwanzoni mwa 2014. Bibi alikuwa amepungua, macho hayaoni mbali, nywele zake zimebaki chache na hakuna hata moja nyeusi. Nilimtandikia mkeka, nikakaa nyuma yake, sasa kichwa chake ndicho kilichokuwa magotini mwangu. Mafuta ya nazi, chanuo lilelile la mpingo, limepoteza jino moja.

"Nisuke twende kilioni, mke mwenzangu," akasema. "Sijui chako, sijui changu."

Nikamchana taratibu. Mvi ni nyepesi, zinakatika ukizivuta. Nikamsimulia safari: basi, Zambezi, soko. Nikaufikia ubao. Nikasita, kisha nikamwambia herufi kwa herufi, bila kulitamka lote.

Mikono yake ikasimama kwenye kanga.

"Limeandikwa ubaoni?"

"Ubaoni, bibi. Kwa rangi nyekundu."

"Na wanaume wanapita?"

"Wanapita. Na watoto wa shule."

"Na wao ni nywele tu. Za kichwani."

"Za kichwani."

Alianza kucheka kwa mabega. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpe maji, na alipomaliza maji akacheka tena, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akavitafuta vidole vyangu vilivyojaa mafuta, akavishika.

"Basi siku ile ya mahindi nilikupiga bure."

"Ulinipiga bure, bibi."

Akanyamaza, akivipapasa vifundo kimoja kimoja. Halafu mkono wake ukashuka mkekani, ukalikuta chanuo, ukalinyanyua.

"Lakini Tanga siyo Harare," akasema. "Ukilitamka hapa, nakupiga tena."